Kuishi na Toyota Crown Royal Saloon katika barabara za Dar es Salaam

Swali la kwanza analoulizwa mwenye Toyota Crown hapa Dar es Salaam ni la mafuta, na la pili ni la spea. Yote mawili ni maswali ya haki na nitayajibu kwa kirefu, lakini mara nyingi huulizwa na mtu ambaye bado hajajiuliza gari hili lilitengenezwa kwa ajili ya nani. Crown ya aina ninayoimiliki ilibuniwa kwa ajili ya mtu anayekaa kiti cha nyuma, katika nchi ambayo lami zake ni laini na petroli ya daraja la juu haitafutwi. Nimekaa nayo muda wa kutosha kuona kwamba karibu kila kinachonifurahisha katika gari hili, na karibu kila kinachonitoa fedha mfukoni, kinatokana na uamuzi huo mmoja wa wabunifu wake.

Langu ni Royal Saloon ya mwaka 2009, yaani kizazi cha 13, ambacho Toyota ilikizindua Februari 2008. Mafundi hulitambua kwa namba ya chesisi, GRS200, na ndivyo unavyopaswa kulitaja unapoingia dukani, kwa sababu ukisema "Crown" peke yake unaweza kupewa kifaa cha GRS180 ya kizazi kilichotangulia, kinachofanana na chako kwa macho na kukataa kukaa mahali pake. Injini ni 4GR-FSE, V6 ya lita 2.5 yenye nguvu farasi 215, inayosukuma magurudumu ya nyuma kupitia gia boksi ya otomatiki yenye gia sita. Urefu wa gari ni milimita 4,870 na upana wake 1,795. Kipimo hicho cha upana kina uzito kuliko kinavyoonekana kwenye karatasi. Kwa miaka mingi Toyota iliulinda upana wa Crown usivuke milimita 1,800, kwa sababu mitaa na maegesho ya Japani ni finyu, na matokeo yake ni kwamba gari hili, ambalo mtu akilitazama ubavuni anaona urefu usiokwisha, ni jembamba kuliko Prado ya 150 yenye milimita 1,885. Ukiwa Kariakoo siku ya Jumamosi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama vioo vya pembeni vitapita salama kati ya mkokoteni na bajaji.

Urefu ndio unaohitaji kuzoewa, hasa pua, kwa kuwa boneti inateremka mbele kiasi kwamba dereva aliyekaa haoni mwisho wake. Hata hivyo gari linakata kona vizuri kuliko anavyotarajia mtu aliyezoea magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Injini imelazwa kwa urefu na nguvu inakwenda nyuma, kwa hiyo magurudumu ya mbele yana nafasi ya kugeuka sana. Katika vichochoro vya Kinondoni mara nyingi nageuza kwa mkupuo mmoja mahali ambapo rafiki yangu mwenye gari fupi zaidi hulazimika kurudi nyuma.

Jina hili lina historia ndefu kuliko majina mengi tunayoyaona barabarani. Crown ya kwanza ilitoka Januari 1955, na mwaka 1956 waandishi wa gazeti la Asahi Shimbun waliiendesha kutoka London hadi Tokyo, safari ya kilomita zipatazo 50,000 iliyopita katika nchi nyingi ambazo barabara zake wakati huo zilikuwa za vumbi na mawe. Naipenda habari hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba Crown haikuzaliwa ikiwa gari la lami laini peke yake. Baadaye ndipo ilipojikita kuwa gari la wakurugenzi, la viongozi na la polisi wa doria huko Japani, na kila kizazi kilichofuata kikazidi kuwa kimya na laini.

Ukimya ndio sifa ambayo siwezi kuieleza kikamilifu kwa mtu ambaye hajakaa ndani. Sauti ya tairi inasikika kwa mbali, injini ikiwa imetulia huwezi kujua kama inawaka mpaka utazame mishale kwenye dashibodi, na katika foleni ya Morogoro Road watu wanne wanaweza kuzungumza kwa sauti ya sebuleni huku pikipiki na daladala zikipita ubavuni. Nasafiri mara kwa mara kwenda Same kuwaona wazazi, nikipita ama Chalinze au Bagamoyo na Msata kabla ya kushika njia ya Segera, Korogwe na Mombo, na ni katika safari hiyo ndipo nilipolielewa gari hili. Mama yangu ana tatizo la mgongo. Kwa miaka mingi alikuwa akifika Dar es Salaam kwa basi na kuhitaji siku nzima ya kulala kabla hajaweza kukaa na wajukuu. Akija kwa Crown, akiwa kiti cha nyuma upande wa kushoto, miguu ameinyoosha, anashuka na kuulizia jikoni kuna nini. Baba, ambaye hana kawaida ya kusifia vitu vya kununuliwa, aliniambia kwamba hiki ni kiti ambacho mtu anaweza kukaa bila kutafuta mahali pa kuweka mifupa yake. Kwangu hilo linalipia lita nyingi za petroli.

Siri mojawapo ya raha hiyo ni vitu vidogo. Matundu ya hewa katikati ya dashibodi yana mota inayoyageuza kushoto na kulia yenyewe, hivyo baridi ya kiyoyozi inasambaa bila kumpiga mtu mmoja usoni. Ni jambo ambalo Crown imelihifadhi kizazi baada ya kizazi, na katika joto la Februari la mji huu nimeona thamani yake. Viti vya nyuma vimeinuliwa kidogo mapajani, mlango wa nyuma unafunguka kwa upana, na buti linameza masanduku ya familia pamoja na kiroba cha mchele wa Kyela bila mtu yeyote kubeba mfuko miguuni. Toleo la Royal Saloon G lina viti vya nyuma vinavyoegemea kwa umeme. Langu halina, na sijaona upungufu.

Nina angalizo moja kuhusu wazee. Kuingia ndani ya gari la chini ni rahisi kwa mtu mwenye magoti mabovu, kwani hapandi, anajiachia tu na kukaa. Kutoka ndiko kunakohitaji msaada. Mjomba wangu mwenye maumivu ya goti hupendelea Noah ya jirani, ambayo anashuka kwa kutelezesha miguu chini, na sidhani kama amekosea. Anayenunua gari kwa ajili ya wazazi awachukue wazazi wenyewe wakalijaribu, waingie na watoke, kabla ya kulipa senti.

Sasa niseme kuhusu matuta, maana hapa ndipo Japani na Tanzania zinapoachana. Crown ina nafasi ndogo kati ya tumbo lake na ardhi, na umbali mrefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, milimita 2,850. Gari refu namna hiyo likivuka tuta kali, magurudumu ya mbele yanaweza kuwa yameshuka na ya nyuma hayajapanda, tumbo likiwa juu ya tuta lenyewe. Likiwa na dereva peke yake hupita. Likiwa na watu watano na mizigo ndani ya buti, yapo matuta ya mitaani, hasa yale yanayojengwa na wakazi wenyewe kwa zege bila kipimo, ambayo lazima uyavuke kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, taratibu kabisa. Barabara kuu hazina shida hiyo, kwani matuta ya TANROADS yana mteremko unaovumilika, na zile rasta zinazotangulia vijiji hulipa gari hili nafasi ya kuonyesha shokomzoba zake. Mtaani kwetu, baada ya lami kuisha, wakati wa masika naacha gari kwa rafiki aliye karibu na lami na kutembea hadi nyumbani, kwa kuwa makorongo yanayochimbwa na maji hayapitiki kwa gari la chini. Na bonde la Jangwani likifurika, hakuna mjadala, nazunguka njia nyingine hata kama magari mengine madogo yanathubutu kupita, kwa sababu injini ikivuta maji kupitia njia ya hewa huharibika mara moja na vibaya.

Kuna uamuzi mmoja wa wakati wa kununua ambao hupunguza nusu ya tatizo hili, nao ni kuchagua Royal badala ya Athlete, toleo la Crown lenye sura ya kimichezo. Vijana wengi wanaipenda Athlete kwa grili yake na rimu za inchi 18, na ni kweli inapendeza. Lakini tairi yake ni ya 225/45, maana yake ukuta wa tairi una milimita 101 hivi za mpira kati ya rimu na shimo. Royal yangu inavaa 215/60 kwenye rimu ya inchi 16, ambayo inatoa milimita 129. Ukuta huo mnene zaidi ndio unaopokea kishindo kabla hakijafika kwenye rimu na bushi. Tena tairi za inchi 16 ni nafuu na hupatikana hata Korogwe au Same, ilhali nimewaona wenye Athlete wakisubiri tairi moja iletwe na basi kutoka Dar es Salaam.

Mafuta. Katika foleni za mjini, kutoka Mbezi hadi katikati ya jiji asubuhi, gari linakwenda kama kilomita 7 kwa lita, na siku mbaya chini ya hapo. Safarini, nikishika mwendo wa kilomita 80 hadi 90 kwa saa, linafika 11 na wakati mwingine 12. Gari ni zito, kama kilo 1,600, na injini ina silinda sita ambazo zinahitaji kulishwa hata zikiwa zimesimama kwenye taa za Magomeni. Tenki linachukua lita 71, kwa hiyo mtu ajue kwamba kulijaza ni malipo makubwa ya mara moja, na kwamba kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, inapotangaza bei kikomo, ongezeko la shilingi mia litaonekana kwenye bajeti yake kabla halijaonekana kwa mwenye IST. Ninachowashauri wanaoniuliza ni kupanga hesabu kwa matumizi ya mjini peke yake, wayaone ya safari kama nafuu ya ziada. Mtu anayekwenda kazini kila siku kwa umbali mrefu wa foleni, na ambaye mshahara wake ndio pekee unaolisha gari, nadhani angeishi kwa amani zaidi na Premio.

Wapo wanaoshauri kufunga mfumo wa gesi asilia, na kwa daladala, teksi na bajaji za jiji hili nimeona gesi ikiwasaidia watu sana. Kwa Crown ya lita 2.5 nimesita. Mifumo mingi inayofungwa imetengenezwa kwa injini ambazo nozeli zake, yaani vifaa vinavyopuliza petroli, ziko nje ya silinda. Nozeli za 4GR-FSE ziko ndani ya silinda, zinapoozwa na petroli inayopita ndani yake, kwa hiyo zikiachwa kavu huku moto wa gesi ukizichoma hazidumu. Ipo mifumo inayoendelea kutumia petroli kidogo ili kuzilinda, lakini gharama yake ni kubwa na mtungi unakula buti, ambalo ni mojawapo ya sababu za kuwa na gari la aina hii.

Suala hilo la nozeli linanileta kwenye jambo ambalo ningependa kila anayefikiria kununua Crown ya 2.5 au ya 3.0 alielewe vizuri. Katika injini za kawaida, petroli hupulizwa kwenye njia ya hewa nyuma ya vali, na kila inapopita huiosha vali hiyo. Katika injini hizi petroli inaingia moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Faida ni mchomo mzuri na nguvu nyingi kwa ujazo mdogo. Hasara ni kwamba vali za kuingizia hewa haziguswi tena na petroli, huku mvuke wa oili unaorudishwa kutoka ndani ya injini ukizigandia na kuganda kuwa masizi magumu. Safari fupi fupi za mjini, ambapo injini haipati joto sawasawa, huharakisha jambo hilo, na kuchelewa kubadili oili huliongeza. Dalili yake ni mtetemo gari likiwa limesimama kwenye taa na gia ikiwa D, kisha kusitasita kidogo wakati wa kuondoka. Dawa za kumimina kwenye tenki haziwezi kusafisha vali hizo, kwa sababu dawa inapita mle mle inamopita petroli, na petroli haifiki kwenye vali. Kinachosaidia ni fundi kufungua menifodi ya hewa na kuzisafisha kwa mkono. Mimi nafanya mambo mawili ya kujikinga: nabadili oili mapema, nikitumia oili nzuri ya sinthetiki (inaingia zaidi ya lita sita, tofauti na nne za magari madogo), na kila baada ya muda nalipeleka gari barabara kuu likakimbie kwa utulivu kwa saa nzima. Athlete ya lita 3.5, yenye injini ya 2GR-FSE na nguvu farasi 315, ina nozeli za aina zote mbili kwa kila silinda, hivyo vali zake huoshwa, na huo ndio ubora wake ninaouonea wivu kuliko kasi yake.

Presha hiyo kubwa pia inaifanya injini iwe na wasiwasi na petroli chafu. Tangu mwaka 2010 mafuta huwekwa vinasaba ili kuwabaini wanaochakachua, na hali ni bora sana kuliko zamani, lakini nimejiwekea utaratibu wa kujaza kwenye vituo vyenye magari mengi, ambavyo mafuta yake hayakai chini kwa wiki, na kutoacha tenki liingie robo ya mwisho nikiwa safarini.

Kuhusu spea, hali ni nzuri kuliko sifa zinavyovuma. Injini ya 4GR-FSE ndiyo iliyomo pia ndani ya Mark X ya lita 2.5, na Mark X zimejaa nchi nzima, kwa hiyo plagi, koili, pampu ya maji, filta na vingi vya namna hiyo vinapatikana Kariakoo na Ilala, vipya na vilivyotumika. Vitu vya mwili ndivyo vyenye taabu: taa ya mbele, kioo cha pembeni chenye mota, bampa, na mapambo ya ndani ya rangi ya mbao. Hivyo mara nyingi ni vya mtumba kutoka Japani, wakati mwingine kupitia Dubai, na bei yake hutegemea muuzaji ameamkaje. Miguu ya mbele ina mikono mingi ya aluminiamu yenye bushi na boljointi, na kwa barabara zetu bushi hizo huisha mapema kuliko zingeisha Osaka. Nimejifunza kutokubali kubadilishiwa upande mmoja. Bushi za kulia na kushoto zibadilishwe pamoja, gari lipelekwe kwenye wilabalansi na alaimenti siku hiyo hiyo, la sivyo tairi za mbele zitalika ndani kabla ya msimu kwisha.

Gia boksi nayo inataka fundi anayesoma. Haina kijiti cha kupimia oili kama magari ya zamani; kipimo chake hufanywa kwa kufungua nati chini ya gia boksi, oili ikiwa katika joto lililowekwa na kiwanda, na aina ya oili ni WS. Fundi akikwambia kwamba oili yoyote nyekundu inafaa, mshukuru kwa muda wake na uondoke. Hali kadhalika umeme: gari hili limejaa kompyuta zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe, na fundi asiye na mashine ya kusoma makosa atabadilisha vifaa kwa kubahatisha, kwa fedha zako.

Kisha lipo suala la lugha. Kila ukiwasha gari, mwanamke wa Kijapani anakutaarifu kwa adabu kwamba kadi ya kulipia barabara za tozo haijawekwa, na ramani inakuonyesha uko mahali fulani Japani. Watanzania wengi wamezoea sauti hiyo katika magari yao. Kuizima ni kazi ya dakika chache kwa fundi wa umeme anayechomoa kifaa chenyewe, lakini redio ni habari nyingine. Masafa ya FM ya redio za Kijapani za wakati ule yanaishia 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, kama 93.7 EFM. Kuna kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena ili kuyashusha masafa hayo, na kinafanya kazi kwa kiasi. Wengine hung'oa kioo kizima cha katikati na kuweka cha Android. Mimi nimekataa, kwa kuwa kioo hicho cha asili ndicho kinachobeba pia maelezo ya kiyoyozi na mipangilio ya gari, na sijaona kazi ya kukibadilisha iliyoacha dashibodi ikiwa na heshima yake.

Wageni wanaolikalia gari hili kiti cha dereva hutafuta handbreki kwa mkono na wasiione. Iko mguuni, upande wa kushoto kabisa. Nalitaja hili kwa sababu anayeoshewa gari au kuliegesha kwa msaada wa kijana wa maegesho anapaswa kumwonyesha kabla ya kumkabidhi ufunguo. Na ufunguo wenyewe, ule wa kubaki mfukoni huku ukiwasha kwa kitufe, hakikisha unapewa miwili siku ya kununua. Kutengeneza wa pili ni rahisi ukiwa na wa kwanza, na ni gharama kubwa mno ukiwa huna hata mmoja.

Barabara kuu, ukimya niliousifu unageuka kuwa jaribu. Kilomita 100 kwa saa ndani ya Crown haina dalili yoyote ya kilomita 100. Hakuna mngurumo, hakuna mtikisiko kwenye usukani, na dereva aliyezoea kupima mwendo kwa masikio atapita kwenye kibao cha 50 cha kijiji akiwa bado anadhani anatambaa. Askari wenye tochi wanajua hivyo, na faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, lakini faini ndiyo ndogo kati ya yanayoweza kutokea pale ambapo watoto wanavuka kwenda shule. Nikitoka nje ya Kibaha naweka mwendo kwa kidhibiti cha umeme na kutazama mshale badala ya kuamini masikio. Kwenye kipande cha barabara kinachokatiza Hifadhi ya Mikumi, ninapokwenda Iringa, nafanya hivyo kwa nidhamu zaidi, kwa kuwa swala hapigi honi.

Gharama ya kuliingiza nchini inastahili hesabu ya makini. Nilipoagiza, gari lenye injini inayozidi cc 2,000 lilitozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, na gari lililopita miaka 10 liliongezewa asilimia 30 ya uchakavu, kisha VAT ya asilimia 18 ikakokotolewa juu ya vyote hivyo. Matokeo yake ni kwamba gari ambalo mnadani Japani linaonekana rahisi sana hufika mara mbili au zaidi ya bei yake. Kikokotoo cha TRA kiko mtandaoni na hutumia thamani ya TRA yenyewe, haijalishi wewe umelinunua kwa kiasi gani, kwa hiyo anza na kikokotoo hicho kabla ya kuangalia picha za magari. Ndugu zetu wa Kenya hawana hata nafasi ya kufanya hesabu hii, kwani huko gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia.

Muombe muuzaji karatasi ya mnada, ile inayoonyesha daraja la hali ya gari lilipouzwa Japani, na usikubali maelezo badala ya karatasi. Daraja la R lina maana kwamba gari limewahi kugongwa na kutengenezwa, na kwa gari ambalo thamani yake yote iko katika kunyooka na kutulia barabarani, chesisi iliyowahi kupinda ni hasara isiyofutika. Langu lilikuwa daraja la 4, na kilichonivutia zaidi ni kitabu cha huduma kilichokuwa ndani yake, kikionyesha mihuri ya ukaguzi wa kila miaka miwili unaotakiwa na sheria za Japani. Kati ya Crown yenye kilomita chache isiyo na kitabu na yenye kilomita 90,000 iliyo na kitabu kamili, ningechukua ya pili bila kusita.

Naulizwa pia kama ningehamia kizazi cha 14, kilichotoka mwishoni mwa 2012, hasa ile ya haibridi yenye injini ya silinda nne ya lita 2.5. Kwenye vipimo vya Japani haibridi hiyo ilitangazwa kuwa inakwenda kilomita 23.2 kwa lita. Hata tukikata nusu ya namba hiyo kwa ajili ya foleni, joto na kiyoyozi kisichozimwa, bado inalishinda langu mjini kwa mbali, na katika foleni ya Mbezi injini yake ingezimika mara nyingi na kuliacha gari likitambaa kwa umeme, jambo ambalo kwa kiti cha nyuma lingeongeza ukimya juu ya ukimya. Injini yake ina nozeli za ndani na za nje, kwa hiyo masizi ya vali nayo hayana nafasi. Kinachonizuia ni betri ya nyuma ya kiti, ambayo hupozwa kwa feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, na ambayo katika vumbi letu inahitaji kusafishwa kwa ratiba. Siku nitakapokuwa na fundi wa kuaminika wa kazi hiyo hapa mjini, nitaanza kukusanya fedha kwa ajili ya Royal Saloon ya haibridi yenye rimu za inchi 16.